Huenda

Daktari Quitéria aliwasha taa ya ubao,
ubongo wangu ukaning'inia pale kama kabichi iliyopasuliwa.
Akagusa doa moja kwa ncha ya kalamu,
kisha jingine, dogo kuliko dengu,
akasema, "Huenda."

Nikangoja neno la pili.
Huenda ni hivi, akasema. Pengine ni vile.
Pengine si kitu, kovu tu la homa iliyosahauliwa.
Rudi baada ya miezi sita, tupige picha tena,
tuone kama doa limezaa.

Basi kutoka Coimbra lilipanda milima jioni nzima
nami nimeipakata bahasha ya picha
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Miaka kumi na tisa napeleka barua Covilhã.
Ngazi za mji huu nazijua kwa idadi:
mia moja na kumi na mbili
kutoka kiwanda cha sufu kilichokufa
hadi mlango wa mjane Ermelinda
anayepokea bili ya umeme kwa mikono miwili, kama sakramenti.
Ni hapo, ngazi ya arobaini, Februari, theluji imegeuka tope,
mguu wa kushoto uliponisahau.
Nikadhani ni viatu. Nikanunua viatu.
Kisha ganzi, kuanzia kidole gumba,
ikipanda polepole, kama mafuta kwenye utambi.

Abílio haniulizi tena. Anahesabu.
Nikiangusha kijiko
namsikia akinyamaza.
Felisbela dada yake ameshanipa pole tatu,
za magonjwa matatu mbalimbali.
Nimezipokea zote. Labda moja itanienea.

Ijumaa tunacheza karata, sisi na yeye na mumewe.
Nashika kopa tano na mkono umetulia tuli,
mwongo mkubwa huu mkono.
Turufu imefunuliwa tangu mwanzo, kila mtu anaijua,
nami nauonea wivu mchezo.

Mimi ni mtu wa anwani.
Nilitaka jina, hata liwe baya:
jina lina mtaa, lina namba mlangoni,
unaweza kuligongea, kulitukana, kuliachia barua.
Barua isiyo na anwani, kwetu posta,
huwekwa kwenye sanduku la bati nyuma ya mizani.
Haitupwi. Haifunguliwi.
Hukaa.

Usiku nalitafuna neno la daktari.
Huenda. Huenda wapi?
Pengine. Pengine ni wapi, mahali gani pengine,
na je, huko kuna ngazi?
Abílio anakoroma. Mguu unawashwa ndani kwa ndani
pasipofikika kwa kucha.
Kuna usiku nautukana. Kuna usiku nausugua mafuta ya kafuri
na kuubembeleza, jamani, kama punda.

Leo nimeketi ngazi ya arobaini, mkoba magotini.
Sikulia. Nilikuwa nimechoka tu
na jiwe lilikuwa na jua kidogo.
Juu kule mlango ukafunguka.
Ermelinda akachungulia, akashuka,
ngazi sabini na mbili, ubavu ubavu kama kaa,
kila moja akiitajia mtakatifu wake,
akaketi kando yangu na harufu yake ya kitunguu.

"Unaumwa nini?"
"Sijui. Nao hawajui."

Akaliangalia paa la kiwanda lililobomoka.
"Mume wangu alijua," akasema.
"Alijua hadi mwezi."
Kisha akanyosha mikono yote miwili,
nikampa bili yake,
akaifungua, akasoma, akasonya.

Tumekaa hivyo, sijui muda gani.
Mle mkobani kulikuwa bado na kifurushi cha jirani yake,
kizito, cha kusainiwa.
Nikamwomba anishike mkono.
Akadhani namsaidia yeye kupanda,
nami sikumsahihisha.