Upande wa Ndani

Desemba nzima cherehani yangu haikulala.
Mji wa Tukuyu ulipita mlangoni kupimwa:
mabega ya watoto wa Mama Anyosisye,
viuno vya mapacha wa Mwakalobo,
na kila mzazi, "Acha nafasi, fundi, avae na mwakani."
Nikaacha nafasi.
Nikashona wafalme watatu wa igizo la kanisani,
malaika tisa kutoka pazia moja,
mabawa nikayapinda kwa waya wa antena.

La mwanangu nililiweka mwisho.
Usiku wa mkesha, umeme umekatika,
nakanyaga kwa mwanga wa kibatari,
mvua juu ya bati kama gunia la mahindi limepasuka.
Gauni la rangi ya parachichi lililopasuliwa,
marinda matatu, lesi shingoni, lesi mikononi,
utepe wa kufungia nyuma.
Saa tisa nikakata uzi kwa meno,
nikajiambia: kesho watajua nani binti wa fundi.

Tulimpa jina Twitike, ili tuitike sote,
na nyumbani ndiye pekee asiyeitika.
"Sivai."
Bupe akabembeleza. "Sivai."
Bibi yake akaahidi paja la kuku.
Akafikiri kidogo.
"Sivai."
Nikapandisha sauti hadi jirani akapunguza redio.
Miaka sita, amekaa juu ya gunia la viazi,
buti za mvua miguuni, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia,
sweta la shule limetoboka kiwiko,
mikono kaikunja kama diwani aliyegomea kikao.

Sitaficha: nilimshika.
Kichwa kikatokea, mkono mmoja ukapita,
wa pili ukakataa,
na hapo akalia, si kilio cha kudeka
ambacho mzazi hukijua tangu pumzi ya kwanza,
bali kile cha chini, cha mtu aliyekwisha sema
akaona hasikiki.
Nikamwachia.
Kengele ya pili ilikuwa inalia kilimani.

Akaenda kanisani na sweta lake.
Njia nzima macho ya wateja wangu
yalishuka hadi kwenye kile kiwiko.
Mmoja akanong'ona, wala hakunong'ona sana:
"Na wa kwake kamshonea nini?"
Kazi zangu zilijaa mabenchi manne ya mbele,
zinang'aa, zinajikuna.
Ndiyo. Zinajikuna.
Malaika wa tatu kaingiza kidole shingoni,
mfalme mdogo anasugua mgongo kwenye nguzo,
na Twitike pembeni yangu katulia tuli,
anaimba beti zote, hata asizozijua.

Jioni, wageni walipoondoka, nililigeuza lile gauni.
Miaka ishirini na miwili ya ufundi
nimezijua nguo kwa upande wa watazamaji.
Nikapitisha kiganja ndani ya shingo, taratibu:
ncha za nailoni, fundo la uzi,
mshono mkavu kama jani la muwa,
na jani la muwa hukata.
"Ungesema linakwaruza," nikamwambia.
Alikuwa anamenya karanga.
"Nilisema. Nilisema sivai."

Nikafumua lesi yote.
Shati langu kuukuu la pamba,
lililolainishwa na sabuni ya miaka,
nikalikata, nikalifanya bitana.
Nikalitundika gauni nyuma ya mlango.
Januari ikapita, na Februari.
Mimi sikulitaja. Bupe alilitaja mara mbili.

Machi, Jumanne moja isiyo sikukuu ya mtu yeyote,
ukungu umekaa hadi kizingitini, mlima Rungwe hauonekani,
nilimwona anatoka migombani na kindoo kichwani:
gauni la Krismasi, buti chini yake,
tope limepanda hadi rinda la pili,
na juu ya yote, vifungo vyote vimefungwa,
lile sweta.
Nikafungua kinywa niseme kuhusu tope.
Nikalowesha uzi kwa ulimi,
nikautia sindanoni.