Mbegu za Feoktista

Mbegu zake ni nyeusi, kama punje za baruti.
Feoktista huzihifadhi ndani ya soksi ya marehemu Zinovi.
Mwezi wa nne, barafu ya Ziwa Peipsi ikianza kupasuka,
huzilowesha kisahanini, huzifunika kwa kitambaa,
kisha hupiga magoti kwenye tuta
lililoinuka kama kaburi jipya.

Mwaka wa kwanza hupati kitunguu.
Unapata vijitunguu, saizi ya gololi,
unavianika juu ya jiko la matofali kipupwe chote,
vinalala hapo vikinusa moshi na uji wa shayiri.
Mwaka wa pili ndipo unasuka mashada.

"Miaka miwili, Bibi,
kwa machozi ya dakika moja?"
Mjukuu alicheka, siku aliyotoka Tallinn, simu mkononi.

Bibi hakujibu. Alikata vitunguu, kisu kikigonga ubao,
akavimimina kwenye siagi, moto mdogo, mdogo zaidi,
hadi vikawa rangi ya asali,
akavifungia ndani ya kinyunya, akaoka.

Mjukuu alikula vipande vitatu.
Akaomba soksi.

Feoktista akampa mbegu kumi na saba, kwa kuhesabu.
Soksi akabaki nayo.