Mafuta ya Cherehani

Chupa ni moja, ya plastiki, shingo imepinda,
elfu mbili, Mtaa wa Mchikichi.
Tone la kwanza ni la mashine ya Mama Shamila,
anayeshona sare za shule na hana subira.
Tone la pili hungoja saa tatu usiku,
duka nimefunga, makomeo mawili,
feni inajikongoja,
nakunjua kanga ya marehemu shangazi juu ya meza.

Ni ndogo. Wanaoiona hucheka:
"Hii si ya kufukuzia kunguru?"
Naam. Ndiyo kazi aliyoifanya baba,
Chaurembo wa Idara ya Kilimo,
miaka kumi na tisa ya ngedere katika mahindi ya watu,
akarudi nyumbani na redio mbovu, magoti mabovu,
na bunduki ya ishirini na mbili
ambayo, alisema, haikumtia aibu hata siku moja.
Sikumbuki akimsifu hivyo binadamu.

Mimi sijaua nayo hata panzi.
Jumapili moja kwa mwezi, uwanja wa shabaha,
nalala kifudifudi katikati ya wahasibu na wastaafu wa jeshi,
natoboa karatasi. Karatasi haina mama.
Inalia kidogo, *ta*, kama ubao uliodondoka chumba cha pili,
na tundu linakaa pale nilipolitaka.
Wenzangu wana silaha za bei, zinakwama, wanazitukana.
Yangu haikwami.

Kitako cha zamani kililiwa na mchwa.
Nikaenda Keko, nikaokota kipande cha mninga,
mabaki ya kitanda cha bwana harusi.
Fundi Lukindo akauliza cha nini.
Nikasema, mguu wa stuli.
Miezi minne ya msasa, mkali kisha laini,
hadi shavu langu na ule mti
vikazoeana kama mtu na mto wake.

Umeme ukikatika siwashi tochi ya simu.
Vidole vinajua njia:
hapa springi, nyembamba kuliko ya bobini,
hapa mkwaruzo wa bisibisi isiyo saizi,
haraka za baba, mwaka nisioujua.
Ningeweza kuusawazisha. Sijausawazisha.
Nafuta, napaka, nafuta tena.
Hewa ya mji huu ina chumvi,
na kutu haibishi hodi.

Usiku ule wezi walipoingia kwa Mzee Sadala
mtaa mzima ulipiga kelele dirishani kwangu:
"Wewe! Si una bunduki? Itoe!"
Ilikuwa juu ya kanga, vipande kumi na tatu,
na mikono yangu imejaa mafuta.
Nilikaa gizani nikivihesabu.
Walichukua televisheni na viatu vya msikitini.
Kuna majirani hawajanisalimia hadi leo.
Nami sijamwambia yeyote
jinsi nilivyoshukuru vile vipande.

Machi, leseni inaisha, nikaipeleka kituoni.
Koplo Nyamizi akalinganisha namba na karatasi,
akafungua, akafunga, akafungua.
Akainamisha sikio.
Chuma kikasema neno lake, fupi, halina kigugumizi.
"Anayeitunza ni nani?"
Nikatazama kucha zangu. Naye akazitazama.
Akagonga muhuri, kisha, bila kuinua uso:
"Mama yangu ana cherehani. Inaruka mishono.
Mafundi watatu wameshindwa."

Ikaja na basi kutoka Shinyanga, ndani ya gunia la mpunga.
Tatizo lilikuwa dogo: sindano imewekwa kinyume,
na vumbi la miaka ambalo hakuna aliyelipa muda.
Nimeitia tone, nimeizungusha kwa mkono, nimesikiliza.
Kesho ataifuata.

Chupa imebaki robo.