Kidole Gumba

Bwana, leo sikuja na maneno ya kitabuni.
Nimekuja na kidole.
Hiki hapa, kidole gumba cha mkono wa kulia,
chenye kovu la mkasi wa kupogolea
na weusi wa zabibu usiotoka kwa sabuni.

Unakijua. Kilikuwa chini ya kreti
misimu mitatu, pale ghalani Hombolo,
mimi karani wa mizani, shati limepigwa pasi,
wakulima kwenye foleni tangu jogoo la kwanza.
Kreti inaning'inia kwenye ndoano,
mshale unapanda, nami naurudisha:
kidole kinanyanyua kidogo tu,
kama anayemsaidia mwenzake mzigo.
Kilo mbili kwa kreti.
Nani ataziona kilo mbili?
Jua la kwetu hukausha jasho kabla halijafika kidevuni;
nilidhani litazikausha na hesabu zangu.

Sechelela, mjane wa Mlugu,
alileta kreti kumi na moja kwa mkokoteni wa punda.
Akausoma mshale, akanisoma na mimi.
"Kumbe zabibu zangu nyepesi," akasema,
akalamba kidole, akahesabu noti,
akamgeuza punda.

Jumapili nilikuwa mbele, mzee wa kanisa.
Divai ile, nani ajuaye ilitoka shamba lipi?
Kikombe kilipofika midomoni kikawa kizito,
kizito kwa kilo mbili.
Nikakirudisha bila kunywa.
Mchungaji akadhani naumwa.
Naam, nilikuwa naumwa.

Nilijaribu toba za bei nafuu, Wewe shahidi.
Nikafunga siku tatu; ya pili nikala mlenda.
Nikaongeza sadaka, bahasha isiyo na jina,
kwa fedha zilezile.
Nikaomba msamaha usiku, taa imezimwa,
ili asubuhi tuendelee kama kawaida,
Wewe mbinguni, mimi ghalani.
Ulinyamaza
kama Septemba inavyonyamaza huku,
bila wingu, bila hata umande.

Nikalikumbuka korongo letu wakati wa kiangazi.
Juu mchanga mtupu, ng'ombe wanapita wakitimua vumbi.
Maji yapo, ila hayaji kwa kuitwa.
Unapiga magoti, unachimba kwa kata, kwa kucha,
mchanga unaporomoka, unaanza tena,
mkono unazama hadi begani,
ndipo chini kabisa panalowa.

Nikaenda kwa Sechelela mchana, watu wakiona.
Mimi nilitaka kulia; yeye alitaka hesabu.
"Kreti ngapi?" Nikasema.
"Misimu mingapi?" Nikasema.
Akaandika kwa mkaa ukutani: kilo sitini na sita.
"Mungu akitaka atakusamehe leo," akasema,
"Yeye hana karo ya kulipa.
Mimi utanilipa hadi mwezi wa nane."
Sijasikia mahubiri yaliyonikaa kama hayo.
Na ukuta wake ulikuwa wa kwanza tu;
foleni ile ilikuwa ndefu.

Ghalani waliniondoa. Uzee wa kanisa niliuvua mwenyewe.
Siku hizi nakaa benchi la nyuma, penye vumbi la mlangoni,
na napogoa mizabibu ya watu kwa ujira wa kutwa.
Kwamba mzabibu usipokatwa hauzai,
hilo hata watoto wa Hombolo wanalijua.
Lisilosemwa ni kwamba hulia:
penye jeraha hutoka maji, tone kwa tone,
siku nyingi baada ya mkasi kuondoka.

Na bado mimi dhaifu, Bwana, nisikudanganye.
Jana nilimpimia jirani karanga,
kidole kikacheza chenyewe,
kikatafuta njia yake ya zamani.
Nikakiona. Nikakitoa. Nikaongeza konzi moja.
Hiyo ndiyo imani yangu yote ya jana:
konzi moja ya karanga.

Siombi ukikate.
Nina kazi nacho, na watoto wanakula kwacho.
Naomba kila asubuhi, kabla sijanawa,
uniulize kiko wapi.