Kutu

Sijui kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.
Najua bei ya misumari, inchi tatu na inchi nne,
najua nani pale Majengo hukopa akalipa
na nani akishakopa hubadilisha njia ya kupita.
Basi usiku wa Jumanne, duka limefungwa,
nikaiambia simu kama anayemtuma mtoto chumvi:
nitengenezee kitu.
Mkulima wa Mpunguzi aandike ana zabibu kilo ngapi,
mnunuzi wa mjini azione kabla hazijalala.
Weka rangi ya zambarau.
Siyo hiyo. Iliyoiva.

Maharage yalikuwa jikoni, magumu bado,
nayo ikawa tayari.
Kitufe cha kuuza, kitufe cha kununua,
na juu kabisa: Nyemo, Mwanzilishi.
Nikalisoma kwa sauti. Paka akageuka.
Akili mnemba haikuniuliza cheti,
haikuuliza kama kidato cha nne nilimaliza
(nilimaliza; hesabu ndiyo iliyonimaliza).

Baba naye aliwahi kuwa na wazo.
Mashine ya kukamua alizeti, Haneti,
mwaka ule alizeti ilipochanua hadi kandokando ya barabara.
Alilijaribu kwa ng'ombe kumi na mmoja,
kwa miaka mitatu,
kwa mabati yaliyokuwa ya paa la jiko,
kwa kimya cha mama.
Wenye malori walizinunua mbegu zikiwa shambani.
Mashine ipo hadi leo, kuku hutagia mdomoni mwake.
Ukiigusa, kidole kinarudi chekundu.

Jumatano, bodaboda hadi Mpunguzi.
Watu kumi na saba wakaifungua,
wakaipapasa, wakasifu rangi.
"Imependeza, binti."
Hiyo "imependeza" niliiandika daftarini kama fedha taslimu.
Alhamisi, hakuna kitu.
Ijumaa mtu kaandika kilo mia tisa, nikaruka,
kumbe kaka yangu Ndahani, ananitia moyo,
hana hata mzabibu mmoja.

Jumamosi nikamfuata Mama Lechipya shambani kwake,
ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mkasi mapajani, nyuki wakimzunguka kama wanamdai.
"Wanunuzi ninao," akasema.
"Namba zao nimeziandika kwa mkaa mlangoni.
Kreti ndizo sina.
Nikijaza kwenye viroba, za chini
zinakuwa juisi kabla hatujafika lami."
Hakunitazama usoni. Nadhani alinihurumia.

Wazo langu likafa hivyo, siku ya nne,
kwa shilingi elfu tisa na mia tano,
bando na bodaboda humo humo.
Hakuna ng'ombe aliyetoka zizini.
Nilifurahi, lakini nusu.
Nusu nyingine ilirudi nami mjini imenuna:
la baba lilichukua miaka mitatu kufa,
watu walikuja kulitazama, likaacha chuma.
Langu nimelifuta kwa kidole gumba
na halikuacha hata kutu.

Usiku nikampigia.
Alisikiliza yote, hata rangi nilimweleza.
"Siku nne," akasema. "Ulijuaje kwa siku nne?"
Niliuliza, baba.
Kimya. Nikasikia mbuzi upande wake,
na redio ya jirani ikitafuta stesheni.
"Mimi sikuuliza," akasema.
"Nilijua wangesema hapana."

Dukani kwetu, nyuma ya saruji,
kuna kreti thelathini za plastiki.
Tajiri huwekea viungio vya mabomba,
nyingine zimekaa tupu tangu Krismasi.
Simu iko chini ya mto, sijaituma kitu.
Jumatatu, kabla hajanywa chai,
nitamuuliza anazikodisha shilingi ngapi kwa siku.
Aseme hapana.