Buti Kavu

Akulina anapiga magoti kando ya mto Kolima,
anafunika udongo kwa kuba la plastiki,
anahesabu pumzi za ardhi kwa saa ya mkononi.

Kabla ya mfereji, hapa palikuwa tope hadi magotini.
Mapovu yalipanda, methani tupu;
ukiyawashia kiberiti yalikohoa moto.
Sasa maji yameshuka. Mapovu kimya.
Heri, akasema mgeni kutoka mjini, akafunga daftari.

Heri ipi?
Mizizi iliyolowa miaka elfu
imeonja hewa, inaoza kwa pupa,
na kaboni inatoka bila povu, bila harufu,
kama mdeni apitaye mlango wa nyuma.

Palipotikisika nyasi zenye vichwa vya pamba
mierebi imejipenyeza, mifupi, mikaidi.

Nikandri, mjomba wake, anatafuta kulungu aliyepotea.
Anachomeka fimbo: barafu, karibu kuliko mwaka jana.
Anashangaa. Juu pamekauka kama blanketi,
joto halishuki.
"Lakini buti zangu kavu," anasema,
"mara ya kwanza tangu nioe."

Akulina anaandika saa, upepo, namba.
Kisha, pembezoni, kwa penseli:
buti.