Mkia wa Neno

Darasa liko juu ya duka la rangi, mtaa wa Barani,
na harufu ya tapentaini hupanda ngazi pamoja nasi
Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu,
tukishamaliza kutandika vitanda vya watu.

Mwalimu Karisa Ngowa hajakanyaga Italia hata siku moja.
Lugha aliiokota mezani, miaka kumi na tisa,
akirudisha sahani jikoni, akibaki na maneno.
Anaandika ubaoni, chaki inalia:
*Di dove sei?*
Wewe ni wa wapi?

Rahisi, nasema moyoni. Irabu zao ni zetu,
a ni a, i ni i.

Kisha anatufunza mikia.
Sisi neno twaligeuza kichwa: Mkenya, Wakenya.
Wao huligeuza mkia:
*keniano* kwa mume, *keniana* kwa mke.
Safari anacheka: basi hiyo lugha ni mjusi,
ukiushika mkia unabaki nao mkononi.

Tunazunguka, mmoja mmoja.
Safari: *Sono di Ganda.* Anakaa kama aliyelipwa.
Umi Shee wa saluni: *Sono di Lamu*,
anataka kuongeza "lakini",
"lakini" bado hatujafundishwa,
anakaa nayo.

Zamu inanijia nami niko kwenye somo la wiki jana:
*uno, due, tre, quattro, cinque, sei.*
Neno lilelile. Wewe ni. Sita.

Sita ndizo mara nilizokwenda ofisi ya vitambulisho.
Ya kwanza walitaka cheti cha mama.
Ya pili, cha mama yake mama.
Ya tatu afisa alikuwa semina, Naivasha.
Ya nne, wazee wa kamati, watano na soda zao:
babu yako Faki Makame alitoka Pemba mwaka gani?
Nani alimwona akifika?
Na huyo aliyemwona, yuko wapi?
Nikasema, wamelala jirani, makaburini,
nendeni mkawaulize.
Hilo liliandikwa kwenye faili.
Ya tano mashine haikuvisoma vidole vyangu,
sabuni ya hoteli imeilamba mistari yote.
Ya sita nilipewa karatasi ya kusubiri.
Nimeikunja na kuikunjua mpaka inapitisha mwanga.

Kwetu mtu haulizwi hivi, peke yake.
Twamwambia mmoja, kwenu wapi?
kana kwamba nyuma yake kuna watu wamesimama,
shangazi, visima, paka, deni la dukani.

"Bikombo," anasema Mwalimu. "*Di dove sei?*"

Nasimama. Koo kavu, kama siku ile ya nne.
*Sono di Malindi. Sono keniano.*

Anatikisa kichwa. "Hapana."

Moyo unateremka ngazi
hadi chini kwenye makopo ya rangi.
Nasubiri aseme, lete cheti.

"*Keniana*. A mwishoni. Wewe ni mwanamke."

Ni hilo tu.
Katika yote niliyoyasema, kosa ni irabu moja.
Nalirudia, mkia wake sawasawa,
naye anageukia dawati la nyuma
kama mtu aliyeambiwa leo ni Jumatatu.

Kazi ya nyumbani: waulize watu watatu.
Mama yuko jikoni, anachambua mchele.
*Di dove sei, mama?*
"Sema Kiswahili, mwanangu, nahesabu mawe."
Kwenu wapi?
Ananitazama, mkono umesimama juu ya sinia.
"Kwetu? Hebu ondoka hapo kwenye kibao, nikae."

Kesho ni Jumanne, ofisi inafunguliwa saa mbili.
Nimefungua kitabu, nikatangulia somo kidogo
kwa taa ya simu, chini ya neti:

*sette.*